Kambale angetupwa Galilaya

Kama Petro na Andrea wangefika leo na juya lao hapa Kibirizi, mwalo wetu wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, watu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) wangewakamata kabla hawajakausha miguu. Juya la Mathayo 13:47, ambalo Yesu aliufananisha nalo ufalme wa mbinguni, linafanya kazi kama hili kokoro tunalolijua wote: wavu mrefu, juu maboya, chini uzito, mtumbwi unauzungusha halafu watu wanaukokota kwa kamba mpaka nchi kavu. Serikali imelipiga marufuku, na ina haki. Linakwangua mazalia ya samaki, linabeba mpaka vichanga. Halichagui.

Nimeanika dagaa kwenye mwalo huu tangu sijaolewa, kwa hiyo mhubiri akifika kwenye mfano huo namsikiliza kwa sikio la kazini. Wengi wanakimbilia tanuru la moto la mstari wa 50. Sawa, limo, wala silifuti. Ila wanaruka kazi yote iliyofanyika kabla ya hapo.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, vichanja vyetu vilibaki vitupu, na sisi wa jumuiya tukapata nafasi ambayo siku zote hatuna. Tukaipitia Mathayo 13 mfano mmoja mmoja: mpanzi, magugu, haradali, chachu, hazina, lulu, juya. Kilichonishtua ni mahali mifano hiyo ilipotolewa. Ule wa mpanzi Yesu aliutoa akiwa ameketi chomboni, umati umesimama ufukweni. Lakini mstari wa 36 unasema aliwaaga watu akaingia nyumbani, na ni humo ndani alimotoa hazina, lulu na juya, akisema na wanafunzi wake. Kati yao wavuvi tunawajua kwa majina: Petro, Andrea, Yakobo, Yohana. Yaani mfano wa uvuvi aliwapa wavuvi, faraghani. Hakuwa anawatisha watu wa nje. Alikuwa akiwaeleza watu wa ndani mipaka ya kazi yao.

Na tazama alivyoisimulia: juya lilikusanya wa kila namna, likajaa, wakalivuta pwani, “wakaketi”, ndipo wakachambua. Anayechambua samaki anaelewa kwa nini waliketi. Alfajiri mitumbwi ikirudi, unamwagiwa beseni lako, unageuza ndoo unakalia. Unaingiza mikono yote miwili. Dagaa mmoja kakatika, mwingine tumbo limepasuka, hapa kamchanganyikia mgebuka mchanga usiozidi kidole, huku kuna kitu hata jina hukijui. Ukichambua umesimama, tena una haraka ya kuwahi jua, utatupa wazuri na kuanika wabovu, halafu mteja wa Dar atakupigia simu kukutukana. Kule majini usiku, taa zikiwaka, hakuna anayechambua. Kule ni kuvuta tu. Kijana akianza kuchagua samaki wakati wenzake wanavuta, atasikia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Sasa hao “wabaya” waliotupwa ni akina nani? Ziwa la Galilaya lina kambale. Walawi 11 inasema cha majini kisicho na mapezi na magamba ni machukizo, na kambale hana magamba. Mvuvi Myahudi akimvuta, hata awe mnono kama nini, anamtupa. Wafafanuzi wengi wanamhesabu kati ya wabaya wa juya lile. Mlete huyo kambale hapa Kigoma, mwisho wa reli, uone! Hatafika kwa mchuuzi wa pili. Jirani yangu Msabato hamgusi, na tunataniana sana kwa sababu jiko langu liko upande wa dirisha lake.

Lakini utani pembeni. Samaki ni yule yule. Kilichomfanya awe wa kutupwa si nyama yake, ni sheria ya mwenye kuamua. Mimi kwa macho yangu ya biashara ningemweka beseni la wazuri. Basi huenda kuna niliyemtupa moyoni ambaye mwenye juya anamtaka, na niliyempenda ambaye hamtaki. Ndiyo maana mstari wa 49 unaposema watakaowatenga waovu na wenye haki, hautaji wavuvi. Unataja malaika.

Hili si la nadharia kwangu. Kuna kijana wa mtumbwi, mlevi wa kulala juu ya nyavu, alianza kuja jumuiya, baadaye akaomba kuingia kwaya. Kikao kikakaa. Mzee mmoja akasema tusijaze kanisa uchafu wa mwaloni. Nikamwambia, “Mzee wangu, heshima yako iko pale pale, ila sisi wote humu ni wa mwaloni.” Katibu, ambaye Biblia anaijua kuliko mimi, akafungua 1 Wakorintho 5: mwondoeni yule mbaya miongoni mwenu.

Hoja nzito, na anayeipuuza anajidanganya. Lakini sura hiyo isomwe yote. Yule wa Korintho alikuwa ameshaitwa ndugu, anaishi na mke wa baba yake, na kanisa linajivuna. Kuhusu wazinzi na wanyang'anyi wa dunia, Paulo anasema hapo hapo kwamba kuwakwepa hao ingebidi mtoke duniani. Kijana wetu ndiyo kwanza anavutwa. Kumfukuza sasa ni kuchambua majini.

Wala kuwa mvuvi hakumponyi mtu ugonjwa huu. Yakobo na Yohana walikuwa ndani ya ile nyumba, wakaulizwa kama wamefahamu, wakaitika na wenzao kwamba wamefahamu. Kijiji cha Wasamaria kilipokataa kumpokea Yesu, hao hao ndio waliotaka kuagiza moto kutoka mbinguni uwateketeze (Luka 9:54). Wakakemewa. Halafu soma Matendo 8: Samaria wanalipokea neno, mitume wa Yerusalemu wanatuma watu wawili wakawaombee wapate Roho Mtakatifu. Mmoja ni Petro. Wa pili ni Yohana.

Hilo nililisema kikaoni, mzee akacheka kidogo, akasema basi aimbe tuone. Kijana yuko besi sasa. Mwalimu wa kwaya analalamika kwamba anaimba kama anayewaamrisha wenzake wavute wavu usiku wa manane, na kwa hilo simtetei. Mazoezi ni Alhamisi saa kumi na moja.