Mchana Mrefu Katika Baa za Mashambani Uingereza

Treni inayotoka stesheni ya Paddington jijini London huchukua takriban saa moja na nusu kufika Moreton-in-Marsh, mji mdogo ulio katika vilima vya Cotswolds, na hapo ndipo shemeji yangu aliponipokea kwa gari Jumamosi moja ya mwezi Oktoba. Nilikuwa nimemwambia mapema kwamba sikuja kutazama majumba ya kifalme. Nilitaka kula chakula cha mchana kama wanavyokula Waingereza wa mashambani, bila haraka. Alicheka, akasema basi tuanzie Stow-on-the-Wold, mji ulio juu ya kilima, mita zipatazo 240 kutoka usawa wa bahari, ambako upepo peke yake hutosha kumtia mtu njaa.

Nyumba za huko zimejengwa kwa mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, na nyingi ni matunda ya utajiri wa sufu ya kondoo wa karne zilizopita. Hapo Stow ipo Porch House, inayodai kuwa nyumba ya wageni kongwe kuliko zote Uingereza, yenye asili ya mwaka 947. Siku hiyo tulikula chakula chepesi kinachoitwa cha mkulima: kipande kinene cha jibini ya cheddar, mkate, vitunguu vya siki, achari na tufaha. Jibini na mkate ni chakula cha kale cha wafanyakazi wa mashamba, lakini jina hilo lilienezwa zaidi na matangazo ya wauza jibini, baada ya mgao wa chakula ulioanza wakati wa Vita Kuu ya Pili kumalizika mwaka 1954. Kwa vyovyote vile, jibini ilikuwa nzuri.

Siku yenyewe hasa ya mlo niliokuja kuutafuta ilikuwa Jumapili. Tuliacha gari Bourton-on-the-Water, tukashika njia ya miguu kuelekea kijiji cha Lower Slaughter. Nchini Uingereza sheria humruhusu mtu yeyote kupita katika njia hizo hata zinapokata shamba la mtu binafsi, mradi afunge kila lango analolifungua, wasije kondoo wakatoroka. Tulifika baa na viatu vyenye matope, na hakuna aliyetukunjia uso. Karibu kila mteja alikuwa na matope yake, na chini ya meza ya jirani mbwa wawili walikuwa wamelala mbele ya moto wa kuni.

Katika baa hizo mteja humfuata mhudumu kaunta, huagiza, hutaja namba ya meza yake, kisha hurudi kuketi. Hakuna foleni inayoonekana, lakini kila mtu anajua ni nani aliyemtangulia, na anayeruka zamu hutazamwa kwa jicho baya. Mhudumu wetu, mama wa makamo, aliwaita wateja wote “mpenzi”, jambo ambalo kwetu lingemletea mtu maswali nyumbani. Alivuta mpini mrefu wa mbao mara tatu, na bia ya rangi ya shaba ikapanda kutoka kwenye pipa lililoko pishini. Haikuwa baridi, ilikuwa na ubaridi wa pishi tu. Wale wenzetu ambao huagiza bia “ya moto” wangejiona wako kwao.

Kisha sahani zikaja. Vipande vya nyama ya ng'ombe iliyookwa, vyekundu kidogo katikati, viliegemea viazi vilivyookwa katika mafuta mpaka vikawa vikavu nje na laini ndani. Kando yake kulikuwa na karoti na kabichi, ambazo kwa maoni yangu zilichemshwa kwa maji tu na kusahauliwa chumvi. Juu ya vyote lilikaa andazi lenye shimo katikati, Yorkshire pudding, linalotengenezwa kwa uji wa unga, mayai na maziwa unaomiminwa katika mafuta yanayofuka moshi. Zamani lililiwa kwanza, ili tumbo lijae kabla ya nyama, ambayo ilikuwa ghali. Mimi nililijaza mchuzi mzito wa kahawia, na hapo hata kabichi ikasamehewa. Shemeji alinisogezea kibakuli cha sosi nyeupe ya horseradish, mzizi mkali kama haradali, bila kunionya, nayo ikanipanda puani.

Baadaye tuliletewa keki ya moto iliyomwagiwa sosi ya sukari na siagi, na ndani yake nilikuta tende, tunda lisilostawi katika baridi ya nchi ile. Jiko lilifungwa saa nane na nusu, lakini hakuna aliyetuletea hesabu tusiyoiomba. Mzee mwenye mbwa alitueleza kwamba enzi za ujana wake wangekwisha kutolewa nje: sheria iliyoanza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ililazimisha baa kufungwa alasiri, na kwa siku za Jumapili haikuondolewa mpaka mwaka 1995.

Tulilipa karibu pauni 20 kwa kila sahani ya nyama, bei ambayo ningeilalamikia kama tungekula na kuondoka. Saa kumi ilikuwa imepita. Shemeji alitaka turudi moja kwa moja garini; mimi nilisisitiza tuzunguke kwanza kwa miguu hadi kijiji jirani cha Upper Slaughter, kwa sababu ya ile keki.