Nilivyompeleka buibui kwa fundi redio

Kama kuna ushauri umenila pesa mjini hapa, ni huu: "Nunua chombo cha maana, muziki utaufaidi."

Nilihamia Dodoma mwaka 2017, kwenye ule msafara wa wizara kutoka Dar es Salaam. Nyumba niliyopanga Ilazo ilikuwa mpya: marumaru chini, dari ya jipsamu, madirisha makubwa ya vioo. Nikaiweka sabufa yangu kwenye kona, nikatulia. Boksi lake lilikuwa limeandikwa wati 10,000. Ukiigeuza nyuma, kwenye kibandiko cha umeme, wati 60. Pasi ya nyumbani inakula kama wati 1,000, kwa hiyo kwa hesabu ya boksi nilikuwa na pasi kumi zinazoimba, na mita ya LUKU wala haishtuki.

Aliyenichokoza ni mwenzangu wa ofisini. Alikuja kula Idi, akasikiliza dakika mbili, akaweka kijiko chini. "Kaka, wewe husikii muziki. Unasikia ngurumo."

Usiku ule sikulala vizuri.

Dukani nako kuna mchezo wake. Muuzaji anakuwashia spika ya bei rahisi, halafu ya bei mbaya, na kila anapohamia ya bei mbaya kidole kinaongeza sauti kidogo. Sikio linadanganyika hapohapo, maana kilicho juu kidogo huonekana kitamu zaidi. Nilimshtukia mara ya tatu, nikamwambia aniachie kitufe nishike mwenyewe. Spika tano zikawa sawa ghafla. Niliishia kununua jozi ya mtumba, maboksi ya mbao, na amplifaya inayokaribia umri wangu. Laki nne na ushee, pamoja na bodaboda aliyezibeba taratibu kama amepakia bibi harusi.

Nikaunganisha. Besi hakuna. Muziki mwembamba kama uji wa mgonjwa. Mke wangu akauliza kwa upole kama ile sabufa tumeshaigawa.

Kumbe waya wa spika moja nilikuwa nimegeuza, chanya kwenye hasi. Moja inasukuma hewa, mwenzake inavuta, besi inafia katikati ya sebule. Kugeuza ni dakika moja na bure. Kisha nikapiga makofi katikati ya chumba, chumba kikanijibu: marumaru na vioo vilikuwa vinaimba pamoja na msanii. Mkeka, mapazia mazito, spika nikazivuta kutoka ukutani kiasi cha hatua moja. Hayo yalibadilisha sauti kuliko laki nne zangu, na sijui kwa nini hakuna muuzaji anayeuza mikeka pamoja na spika. Nikamweka mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, na gitaa la pili, lile linalotembea nyuma ya lake, nikalisikia kwa mara ya kwanza. Miaka yote hiyo nilijua ni moja.

Basi nikajiona bingwa. Jumapili moja nikaweka nyimbo za marehemu Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyefariki mwaka 2003, bingwa wa ilimba, kile kisanduku chenye fito za chuma zinazodonolewa kwa vidole. Nikasikia: zzzz. Kila ufito unapodonolewa, zzzz kidogo nyuma yake.

Spika imepasuka.

Nikaipeleka ya kushoto kwa fundi mmoja mjini. Akaibonyeza kwa vidole, akaguna, akasema karatasi imechoka. Elfu 30. Akaijaribu mbele yangu kwa bongo fleva, safi kabisa. Nikarudi nyumbani, ilimba ikaanza, zzzz. Basi itakuwa ya kulia. Elfu 30 nyingine. Zzzz. Sasa nikageukia nyumba. Nilishika kioo cha dirisha kwa kiganja wimbo mzima, mwanangu akishika cha pili. Tukatoa sufuria juu ya friji. Tukatoa picha ya harusi ukutani. Mke wangu alipoona nimeanza kukaza skrubu za feni akaenda kwa jirani.

Ningekuwa na akili ningebadilishana tu waya za kushoto na kulia, au ningesikiliza wimbo uleule kwa spika za masikioni. Akili hiyo ilikuja baadaye.

Wiki hiyo akaja babu mzaa mama wa mke wangu kutoka Mvumi. Nikamwamkia "Mbukwenyi", Kigogo changu kinaishia hapo, nikamkalisha kwenye kiti cha katikati. Ujanani alikuwa mpiga zeze. Nikamwekea Zawose, nikaomba radhi mapema: "Babu, utavumilia, spika zina ugonjwa, fundi kashindwa."

Akasikiliza akiwa amefumba macho. Wimbo ulipoisha akauliza, "Ugonjwa uko wapi?"

"Huo mlio, babu. Kama nyuki."

Alinitazama kwa muda. Kisha akaeleza kwamba kwenye sanduku la ilimba hutobolewa tundu, likazibwa kwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake. Utando huo ndio unaotetema. Wanauweka makusudi, na ukichanika wanatafuta mwingine. "Ilimba isiyolia hivyo ni ubao tu." Halafu kikamjia kicheko, cha kukohoa kabisa, akimwita mjukuu wake aje asikie: "Mumeo amempeleka buibui kwa fundi! Mara mbili!"

Akataka kusikia wimbo uleule kwenye sabufa. Nikaitoa stoo, nikaiwasha. Ngurumo tele, buibui hayupo. Babu akasema izimwe.

Kwa hiyo watu wakiniuliza kama zile laki nne zilikuwa na faida, nasitasita. Spika za mtumba ndizo zilizomleta buibui sebuleni, hilo siwezi kukana. Ila nilimsikia mwezi mzima nikimchukia, na aliyenifanya nimpende alikuja kwa nauli ya basi. Siku hizi nikiweka ilimba namsubiri buibui kwanza, halafu ndiyo sauti ya mzee Zawose.

Mwenzangu wa ofisini alipita juzi. Akakaa, akasikiliza dakika mbili, akainamisha sikio upande wa kushoto.

"Kaka, hii imepasuka. Nina fundi mzuri."

Nikamwomba namba.