Godoro la Yohana tano

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Machi 2020, tarehe 6, Siku ya Maombi ya Dunia. Kwa wasiojua, kila mwaka wanawake wa nchi moja ndo wanaandaa ibada halafu inasaliwa dunia nzima, na mwaka ule zamu ilikuwa ya Zimbabwe, neno Yohana 5, yule mgonjwa wa miaka 38 pale birika la Bethzatha. Huku kwetu Tukuyu, wilaya ya Rungwe, tunakusanyika Wamoraviani, Walutheri wa KKKT, Waanglikana, siku hiyo hatuulizani dhehebu, tunaulizana nani kaleta sukari.

Mimi nilipewa kuandika tafakari. Kuandika nimeanza siku nyingi, kisa mama yangu, kila asubuhi lazima tusomewe mistari miwili ya siku kabla ya kugusa uji, ule utaratibu wa kanisa letu la Moravian ulioanzia Herrnhut kule Ujerumani na unachapwa tangu 1731, uji unapoa mpaka unaweka ngozi juu na mama bado anaomba. Nilipokuwa na nyumba yangu nikawa naamka saa kumi usiku, naomba, naandika kwenye daftari kwa tochi ya simu, kukikucha nawatumia wamama kwenye grupu la WhatsApp, nikapata sifa, na sifa bwana zina utamu wake. Mwaka ule nikawa naweka hela kidogo kidogo ili nichape kijitabu, kwenye mkoba nilikuwa na bahasha ya elfu sitini nimpelekee kijana wa steshenari.

Basi nikaandika usiku tatu mfululizo juu ya mstari wa nane, "Simama, jitwike godoro lako, uende." Nikasema godoro ni mazoea yetu, ni raha inayotulaza wakati Bwana anatuita, wamama tumelalia magodoro laini mno tusimame! Kanisa lote amina, mama mmoja mpaka kigelegele. Nilirudi kukaa nimevimba.

Baada ya ibada tukagawana makundi kwenda kwa wagonjwa na sabuni, mchele na sukari. Kundi letu, watu saba, likaangukia kwa bibi mmoja bondeni huko, mvua ya Machi ya Rungwe mnaijua, tope linakuvua kiatu na soksi. Bibi kapigwa kiharusi, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Tumeingia ndani giza, macho yanazoea polepole, ndo naona amelala kwenye kitanda cha miti, chini majani makavu ya migomba, juu yake gunia la mbolea limekatwa likatandazwa. Kila akijigeuza majani yanalia kwachakwacha.

Tukaimba, tukampa salamu za kanisa. Akauliza, "Leo mmesoma neno gani wanangu?" Wenzangu wote wakanigeukia mimi, si ndo mwandishi. Nikafungua daftari, nikaona kile nilichoandika kuhusu magodoro laini, nikakipita. Nikasoma Biblia peke yake. Nilipofika kwenye jitwike godoro lako bibi akacheka, cheko la upande mmoja wa mdomo, akasema, "Kumbe mwenzangu alikuwa na godoro."

Hakusema kwa kutuchoma, alicheka kabisa, na wengine wakacheka naye. Mimi masikio yalipata moto.

Tukatoka uani chini ya mgomba, tukatandika kitenge kila mtu atupe alichonacho. Ikapatikana elfu ishirini na tatu. Mama mwenyekiti akasema tuombe Mungu atafungua mlango, na mimi ndo nikaambiwa niongoze, nikaomba sana tu, maombi marefu, huku mkono nimeukandamiza kwenye mkoba juu ya ile bahasha. Nikasema amina nikafumbua macho. Hakuna aliyekuwa anajua nina hela, ningeweza kunyamaza, na nilinyamaza kidogo, yaani si kwamba niliitoa pale pale kama mtakatifu. Tulishaanza kupanda kilima ndo nikasimama.

Jioni ile ile godoro likashuka bondeni kwa bodaboda, futi tatu na nusu, limefungwa nailoni, kijana haonekani unaona godoro tu linateleza na tope. Tukamlaza bibi. Akatulia, akasema, "Linanimeza hili." Akataka majani yake yarudishwe chini, tukayarudisha, godoro juu, hapo akaridhika. Nailoni akakataa isitolewe.

Halafu akaniita karibu. "Wewe si unajua kuandika? Andika jina langu hapa, hawa wajukuu wakija likizo watalihamisha." Tukatafuta makapeni kwa jirani, nikapiga magoti nikainua nailoni pembeni nikaandika jina lake kwa herufi kubwa kwenye kitambaa cha godoro. Akaniambia niweke na ule mstari. Nikaandika Yohana 5:8, wino ukasambaa kidogo kwenye nane ikawa kama sifuri mbili. Akaangalia, akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akafumba macho.

Kijitabu sikukichapa mwaka ule.