Funguo ziko kwa nani?

Nimekaa miaka minne kama katibu wa kamati ya shirika moja dogo la mtaani, la vijana, na kama kuna kazi inakufundisha watu basi ni hii ya kuandika muhtasari wa vikao. Unakaa kwenye kona yako, huongei sana, unaandika nani kasema nini na nani kaahidi nini, afu kikao kinachofuata unafika kwenye "yatokanayo" unawasomea walichoahidi wenyewe na unaona sura zinavyobadilika. Jina la shirika sitaji na wahusika siwataji pia, wengi wao bado tunasalimiana.

Mwanzilishi wetu tulikuwa tunamwita Dada, basi. Alianza na vijana sita kwenye kibaraza cha kwao, anawasimamia wafanye kazi za shule, anawasikiliza, mwisho wakawa arobaini na kitu ndo tukapata vyumba viwili. Mtu mwenye kipaji kwelikweli. Alikuwa anajua nani hakulala nyumbani jana, nani kagombana na baba wa kambo, nani anajifanya anacheka, na hayo yote hakuandika mahali popote, yako kichwani kwake. Na hapo ndo kwenye shida yenyewe, maana sio hayo tu yaliyokuwa kwake. Funguo za ofisi anazo yeye, nywila ya barua pepe anaijua yeye, mfadhili anampigia yeye, kitabu cha hundi kiko kwenye mkoba wake. Katiba yetu ilisema hundi isainiwe na watu wawili, ila mwenzake alikuwa anazisaini kabla hazijaandikwa kitu, kurasa kumi kwa mpigo, "ili tusimcheleweshe Dada". Mi katibu nilikuwa najua. Na sikuliandika.

Akaja akaugua, wiki tatu. Siku ya kwanza vijana wakaja wakakuta kufuli, wakakaa nje wakasubiri mpaka giza likaingia. Siku ya nne wakaja kama nusu. Wiki ya tatu hakuna mtu, mlango umefungwa na majani yamejaa kizingitini, na sisi wanakamati saba, watu wazima na akili zetu, tunaulizana kwenye simu ufunguo wa pili uko wapi, kumbe haukuwahi kuwepo. Dada alipopona wengi walirudi ila kuna kijana mmoja hakurudi tena, yule ambaye ilimchukua miezi mitano mpaka aanze kuongea. Tulimfuata kwao akatusalimia vizuri tu, kwa heshima zote, na hakuja.

Baadaye sana nikaja kukutana na utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes wa mwaka 2002, waliangalia vijana wa Big Brothers Big Sisters kule Marekani, ile programu ya kumuunganisha mtoto na mtu mzima wa kumlea kirafiki. Waliodumu na walezi wao mwaka mzima au zaidi ndo walifaidika zaidi, na wale ambao uhusiano ulikatika ndani ya miezi mitatu walishuka kwenye kujithamini. Yaani walishuka, sio kwamba walibaki palepale! Nilisoma hiyo sehemu nikamkumbuka yule kijana, nikafunga kompyuta.

Sasa kuna watu wakisikia haya wanasema hayo ni mambo ya vikundi vidogo visivyo na wasomi. Sikubaliani. Kids Company, shirika la kusaidia watoto na vijana kule Uingereza, ilianzishwa 1996 na Camila Batmanghelidjh, mama mmoja ambaye alikuwa akiingia chumbani kila mtu anageuka, serikali ikampa mamilioni, mawaziri wakapiga naye picha, na Agosti 2015 ikafunga milango. Siku chache kabla ilikuwa imetoka kupokea pauni milioni 3 za serikali. Akiba hakuna, kila mwaka inaanza na mkono mtupu. Nieleweke hapa, mwaka 2021 mahakama kuu ilikataa ombi la kuwafungia wajumbe wa bodi wasiongoze tena, na jaji akawaongelea vizuri tu, kwa hiyo sisemi kwamba kuna mtu kaiba. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza asiibe hata senti, awapende watoto kutoka moyoni, na mlango bado ukafungwa.

Aliyetuokoa sisi ni mhazini, na kama ungeambiwa uchague kiongozi kwa kumwangalia usingemchagua. Mama mmoja mstaafu, sauti ya chini, anakuja na daftari la mistari na penseli mbili. Kikao cha kwanza baada ya ugonjwa wa Dada akaomba kitabu cha hundi, akakifungua, akazichana zile hundi zilizosainiwa tupu mojamoja mbele yetu, polepole, wala hakutukana mtu. Tangu siku hiyo hakuna pesa imetoka bila risiti, na usipoleta risiti hakugombezi, anakuangalia tu mpaka unajishtukia unatoa ya mfukoni. Ni yeye pia aliyesema mtu mzima asikae na mtoto peke yao mlango ukiwa umefungwa, hata kama ni Dada, hata kama ni mchungaji. Watu walikasirika kweli, "ina maana hutuamini?", naye akajibu sheria sio ya wale anaowaamini, ni ya wale asiowajua ambao watakuja yeye akiwa hayupo. Hiyo nimeiandika neno kwa neno.

Na ni yeye aliyekuwa anagombana na pesa za mradi. Mwenye uzoefu atanielewa: mfadhili anakupa za semina, za fulana, za bango, ila za umeme na mshahara wa mratibu anakuambia hizo mtajitegemea. Mradi wa miezi 12 ukiisha mratibu anaondoka, na kijana ambaye ndo kwanza amemzoea anaanza upya na mgeni. Tulimpoteza mratibu mmoja mzuri namna hiyo. Mhazini akaanza kutenga kidogo kila mwezi kutoka kwenye michango yetu, tukamuona mbahili mpaka mradi uliofuata ulipoisha na mratibu bado alikuwepo kazini kwa miezi minne.

Suala la vijana wenyewe kuwa kwenye kamati, hapo tulichemka. Tuliwaingiza wawili, tukawapa makabrasha mazito, tukawaweka viti vya mwisho, tukiulizwa na wageni tunasema "tuna uwakilishi". Mtafiti mmoja, Roger Hart, aliwaandikia UNICEF mwaka 1992 kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto, ina vidato nane, na vile vitatu vya chini anasema sio ushiriki kabisa, kimojawapo ni pale mtoto anapowekwa kama pambo. Sisi hatukuhitaji Hart, mmoja wa wale wawili, binti, alituambia mwenyewe kwamba mnatuita tupigwe picha. Kimya. Halafu ukiwaza, YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, ilianzishwa London mwaka 1844 na George Williams akiwa na miaka 22, kijana wa duka la vitambaa, na angekuja kwenye kikao chetu tungemwambia asubiri kwanza wakubwa wamalize. Mwishowe tukawapa kitu kimoja waamue wao, saa za kufungua. Tulikuwa tunafungua mchana siku za kazi maana ndo sisi tuna nafasi. Wao wakasema jioni na Jumapili, kwa sababu Jumapili jioni ndo nyumbani kunakuwa kugumu. Miaka yote hiyo hakuna kati yetu aliyewahi kuwaza hilo.

Dada kukabidhi ilikuwa ngumu, na simlaumu, ungeanzisha wewe kitu kibarazani kwenu usingekiachia kirahisi. Mhazini alichonga funguo tatu, wa mratibu, wa mwenyekiti na mmoja wa yule binti. Ule wa zamani Dada akauweka mezani, tukapiga makofi, na tunatoka nikamuona anaurudisha kwenye mkoba, akasema kuna vitu vyake anavitoa kesho. Kikao kilichofuata nikasoma yatokanayo: ufunguo wa zamani, bado. Kilichofuata: bado. Cha tatu Dada hakuja, alimtuma mdogo wake na bahasha, ndani ufunguo na karatasi yenye majina ya vijana kumi na moja na mbele ya kila jina mstari mmoja kwa mkono wake, nani anaogopa nini, nani usimuulize habari za mama yake. Mratibu aliisoma akiwa amesimama. Nikaandika: ufunguo, umepokelewa.