Siku moja chini ya pikapu ya dagaa

Saa 12:30 asubuhi

Nafungua geti la gereji yetu hapa Mabatini, Mwanza. Upepo wa ziwani bado una baridi. Dogo, kijana ninayemfundisha kazi, kanitangulia. Ameshafagia na kupanga spana juu ya gunia. Kazi ya leo ilikuja kwa simu jana usiku: Hilux ya miaka ya 90, ya mama mmoja anayechukua dagaa kwenye mialo ya upande wa Sengerema na kuwaleta soko la Mwaloni, Kirumba. Dereva wake aliniambia maneno machache tu: "Fundi, breki naipampu mara mbili ndiyo ishike, na ikishika inanivuta kushoto."

Nimelala na maneno hayo. Najua juu ya yale magunia hupanda kinamama wawili watatu walioomba lifti.

Saa 1:15

Gari limeingia, harufu ya dagaa mbele, lenyewe nyuma. Mama kashuka.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Wewe niongezee mafuta ya breki tu, kesho alfajiri nina mzigo."

Ombi hili nalisikia karibu kila wiki, na kila mara najibu taratibu, maana anayeomba hana kosa. Mafuta ya breki hayaliwi kama ya injini. Yakipungua kwenye kikopo, ama pedi zimeisha na mafuta yameshuka kujaza nafasi nyuma ya pistoni, ama kuna mahali yanavuja. Ukiongeza bila kutazama, umeficha dalili. Nikamwomba mama aniachie gari mpaka jioni. Alinitazama kidogo, akachukua bodaboda kuelekea Kirumba.

Saa 2:00

Kabla ya kushika spana, natumia mguu. Injini inaunguruma, nakanyaga pedali mara moja: inakwenda chini sana. Napampu: inapanda. Sasa naikandamiza na kuishikilia hivyo hivyo, nahesabu hadi thelathini. Haizami. Hapo nimeshajua kitu. Ingezama polepole chini ya mguu, ningeishuku silinda kuu, ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, kwamba raba zake za ndani zinapitisha mafuta. Inayopanda kwa kupampu inasema kuna upepo ndani ya mabomba, au shuu za nyuma, zile zinazosugua dramu kwa ndani, ziko mbali mno na dramu hiyo.

Kabari kwenye matairi, jeki, kisha stendi za chuma. Dogo haingii chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Hilo hatujadiliani.

Saa 3:00

Tairi la mbele kulia. Pedi ya nje bado nusu nzima. Ya ndani imebaki chuma kitupu, na diski imechimbika mistari. Zikipishana namna hii, tazama pini ambazo kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, inateleza juu yake. Moja imeshika kutu, haisogei hata kwa nyundo ndogo. Kalipa isiyoteleza inabana upande mmoja tu, kwa unyonge. Kushoto kunashika vizuri, kulia kunasuasua, ndiyo maana gari linakwenda kushoto. Na mbele ndiko kwenye kazi kubwa, kwa sababu gari likifunga breki uzito hukimbilia huko.

Saa 4:20

Nyuma kulia: shuu zimeisha hadi kwenye riveti. Hiyo ndiyo sababu ya kupampu. Kile kigurudumu cha meno cha kuzisogeza kimeganda kwa kutu, kwa hiyo kila zilipolika zilibaki palepale, mbali na dramu.

Nyuma kushoto ndiko nilikokaa kimya.

Dramu iligoma kutoka, tukaigonga pembeni mpaka ikaachia. Ndani ilikuwa ya kahawia, kutu kote. Dramu inayofanya kazi hung'aa, shuu huisugua kila siku. Shuu zenyewe zilikuwa nene kama zimetoka dukani leo. Dogo akafurahi: "Bro, hizi si bado nzima?" Nikamwambia alete tochi.

Tulifuata bomba kutoka kwenye wili silinda, ile silinda ndogo ya gurudumuni inayosukuma shuu, kurudi katikati ya ekseli ya nyuma. Ni bomba jembamba kuliko penseli. Karibu na maungio lilikuwa limekunjwa, kama mtu anavyokunja mdomo wa mfuko wa sukari, kisha likapigwa nyundo mpaka likawa bapa, likakunjwa tena na kupigwa tena. Wili silinda ilikuwa inavuja, na badala ya kuibadilisha, mtu aliliziba bomba na kurudisha gari barabarani.

Sijui ni nani na sitaki kukisia. Lakini namjua mtu wa aina hiyo, kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuambiwa nifanye hivyohivyo, "ya muda tu", gari lifike safari. Hakuna mwenye gari anayerudi kurekebisha ya muda. Gari hili limekuwa likisimama kwa magurudumu matatu, na moja kati ya hayo ni lile la mbele lenye kalipa iliyoganda.

Nikafikiria njia yake. Enzi za kivuko, pale Kigongo foleni ilikulazimisha usimame. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji hadi Busisi unazimaliza kwa dakika chache. Tumelisubiri kwa hamu daraja lile. Ila mwendo umeongezeka, na pikapu ni zilezile.

Saa 6:00

Nimempigia mama, nikamweleza kila kitu na bei yake. Akasema, "Fanya." Dogo nimemtuma kupeleka diski na dramu zikachongwe, amekumbushwa asome namba zilizogongwa kwenye chuma, maana diski ina unene wa mwisho na dramu ina upana wa mwisho, na ukipita hapo hazichongwi, zinanunuliwa. Mimi nimefuata spea: pedi, shuu, wili silinda mbili, bomba la chuma, mafuta ya breki ya DOT 3.

Saa 7:30

Ugali na sato kwa mama ntilie. Nimekula haraka.

Saa 8:10

Vumbi la breki hatulipulizi kwa kompresa. Shuu nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na hata zisizo nayo hazifai mapafuni; tunalowesha kwa maji, tunafuta. Raba hatuzioshi kwa petroli, zinavimba. Pini za kalipa nimezisugua hadi zikang'aa, nikazipaka grisi ya breki, sasa zinateleza kwa kidole. Bomba jipya nimelikunja kwa kufuata la zamani, mdomo wake ukakunjwa mara mbili ili ukae sawasawa kwenye nati.

Saa 9:30

Kutoa upepo. Dogo yuko kwenye pedali, mimi chini na mpira na chupa. Usukani uko kulia, silinda kuu nayo iko kulia, kwa hiyo naanza na gurudumu la mbali kabisa: nyuma kushoto. Kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia.

"Kanyaga. Shikilia." Nafungua, nafunga. "Achia."

Yaliyotoka mwanzo yalikuwa meusi kama kahawa. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Ikishanyonya unyevu wa hewa kwa miaka, kiwango hicho hushuka hadi karibu 140. Kwenye mteremko mrefu yanachemka, yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Dereva anakanyaga, hapati kitu. Tuliendelea hadi yakatoka safi, bila povu.

Jambo moja sikuweza kulimaliza. Gari limeongezewa springi nyuma, na valvu inayogawa nguvu ya breki za nyuma hupima mzigo kwa jinsi bodi inavyoshuka. Bodi isiposhuka, valvu inadhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu. Kuirekebisha kunataka geji ambayo sina. Nimeliandika kwenye karatasi ya mama, na nimemwambia dereva kwa mdomo.

Saa 10:45

Kwanza uwanjani, mwendo wa mtu anayetembea. Halafu barabara iliyo wazi: kutoka 50 hadi 10, mara kumi, napumzisha katikati ili pedi na diski zizoeane. Kisha mteremko wa Bugando. Katikati ya kilima nikakanyaga mara moja, mikono ikiwa imelegea kwenye usukani. Limesimama limenyooka. Handibreki nayo imelishika palepale.

Saa 11:50 jioni

Mama amerudi. Nimemwonyesha pedi, shuu, silinda iliyovuja, kisha nikamwekea mkononi kile kipande cha bomba. Alikigeuzageuza, akapitisha kidole pale palipopigwa nyundo.

"Hapa ndipo palipozibwa?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu wa mwisho hupanda nyuma siku za Jumamosi," alisema. Akakifunga kile kipande kwenye pindo la khanga, akapanda garini.