Sentimita 84 Kila Upande

Wiki hii Zuhura ameposwa, baba ametolewa nyuzi za jicho na ofisi yetu imehamia ghorofa ya nne isiyo na lifti, lakini ninachokirudia kichwani usiku na mchana ni swali la yule kijana wa mazoezi ya viungo, alipoinama miguuni pangu na futi ya kupimia mkononi: "Nani alikuambia mguu huu ni mfupi, mama?"

Nikamjibu kwamba unaonekana.

"Unaonekana, ndiyo. Nimeuliza ni nani aliyeupima."

Aliishika futi kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, akaishusha hadi kifundo cha ndani cha mguu, kulia kisha kushoto, akarudia, na kila mara akasoma sentimita 84. Mifupa iko sawa. Kilichopanda ni nyonga, kwa sababu msuli wa kiunoni upande wa kushoto, ulio kati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa nyonga, umekaza na kuivuta juu, nao mguu unafuata.

Nilitoka pale na raha iliyonifanya nikaribie kumsimulia kondakta. Kufikia Alhamisi raha ile ilikuwa imegeuka uchungu. Mnakikumbuka kile kiatu changu cha shule, ambacho kila kikinunuliwa kilipelekwa kwanza kwa fundi kiongezwe soli. Hakuna aliyeshika futi. Daktari alinitazama nikitembea kutoka mlangoni hadi kitini, akaandika. Fedha ya soli zile mama aliitoa kwenye vitumbua, na sasa swali la yule kijana nalisikia kana kwamba anaulizwa yeye, nami sitaki aulizwe.

Zoezi nalifanya kabla ya kulala. Nalalia ubavu wa kulia ukingoni mwa kitanda, mguu wa kushoto nauning'iniza nyuma, mkono wa kushoto naunyoosha juu ya kichwa, kisha nahesabu sekunde 30 huku mvuto ukitambaa kutoka ubavuni hadi juu ya nyonga. Baada ya hapo nauinua mguu uleule, vidole vikitazama mbele wala si dari, ili kuutia nguvu msuli wa pembeni mwa tako, ambao ndio huishikilia nyonga mtu anaposimama kwa mguu mmoja. Huu wa pili ndio unaonitoa jasho.

Mama bado sijamwambia. Anakuja Jumapili kwa shughuli ya Zuhura, na kitu cha kwanza atakachokitazama ni viatu vyangu. Wageni watakuwa wengi, na bomba halijatoa maji tangu jana asubuhi.