Kushukuru huku unalalamika, mbona inawezekana

Kuna sentensi moja watu wanaipenda sana wakikukuta na shida, "shukuru Mungu, kuna wenye hali mbaya kuliko wewe". Mimi niliambiwa hivyo kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye korido ya hospitali, mama yuko wodini, kazi ilishaota mbawa miezi ya nyuma, na jamaa akaendelea kabisa, "hebu fikiria wangapi muda huu wako hospitalini wanatamani hata kusimama". Nikamwambia ndugu yangu, mimi hapa ninapoongea na wewe niko hospitalini. Akanyamaza kidogo afu akasema basi we shukuru tu kwa yote.

Sina ugomvi naye, nia yake ilikuwa njema na angalau alipiga, wengine hata meseji hawakutuma. Ila ile kauli inanisumbua mpaka leo, kwasababu shukrani ya hivyo inataka mtu mwingine aumie zaidi yako ndio wewe upate nafuu, sasa yule wa mwisho kabisa kwenye foleni ya shida, yeye amtazame nani? Na kingine, inakufunga mdomo. Ukishaambiwa shukuru, ukifungua mdomo kusema nimechoka unaonekana mkosa adabu, tena mbele ya Mungu.

Halafu watakuletea habari za Ayubu. Ayubu wao anaishia sura ya kwanza, pale aliposema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, wanafunga kitabu. Wakisogea mpaka sura ya 3 watamkuta Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa, na kitabu kina sura 42, sehemu kubwa ni malalamiko na mabishano matupu. Wale rafiki zake watatu walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana bila kusema neno, na kwa maoni yangu hapo ndo walikuwa marafiki wa ukweli, walivyoanza tu kuongea wakaharibu kila kitu, maana walikuja kumweleza kwanini yamemkuta. Na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, sio yule aliyekuwa analalamika.

Kwahiyo mimi nimeshaamua, kwa tatizo lenyewe sishukuru. Kazi yangu ilipoisha sikushukuru na leo bado sishukuru, wakiniita kesho asubuhi naenda mbio. Ugonjwa wa mama siushukuru hata kidogo. Ila ndani ya kipindi kilekile kuna vitu vilitokea, na hivyo navidai kama vyangu. Mfano kuna siku nilikuwa namkata mama kucha, amekaa kitandani, mkono wake kaulaza kwenye goti langu, mwepesi mpaka nikaogopa, nikafika kidole gumba akauvuta mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo, "utanikata nyama wewe, toka utotoni mkono wako mzito", tukacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutuangalia. Ningekuwa kazini saa zile nisingelikuwepo pale. Sasa usije ukaniambia unaona, ndio maana Mungu alikuondoa kazini, hapana, sitaki hesabu hiyo. Kazi kupotea ni hasara, kucha ni kucha, vyote viwili ni vya kweli na hakuna kinachofuta mwenzake. (Mama alirudi nyumbani, bado anatumia dawa, na bado ananisema.)

Nilipotulia nikaanza kusoma soma kuhusu haya mambo maana kichwa changu hakikubali vitu kirahisi. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitoa utafiti, na kilichonivuta sio ile sehemu ya wanafunzi wa chuo bali ile ya watu wazima wenye magonjwa ya neva na misuli, magonjwa ambayo mtu anaishi nayo tu. Kundi moja likaambiwa liandike kila siku kwa siku 21 vitu vya kushukuru, wenzao hawakupewa hiyo sehemu. Walioandika moyo wao ulikuwa mwepesi zaidi, walisema wanalala zaidi, na hata wenza wao waliona tofauti. Ugonjwa haukwenda popote! Hicho ndicho nilichokipenda, kwamba hakuna aliyeahidiwa muujiza, mtu kabaki na mwili wake uleule ila usiku analala.

Mwanasaikolojia mwingine, Sonja Lyubomirsky, na wenzake, walikuta walioandika mara moja kwa wiki kwa wiki 6 furaha yao ilipanda, ila walioandika mara 3 kwa wiki haikupanda. Naielewa sana hiyo. Ukifanya mara nyingi mno inageuka homuweki, unaanza kujaza "uhai, afya, familia" kama unajaza fomu, na moyo hata hautikisiki.

Mimi naandika Jumapili jioni kwenye simu, na sheria yangu ni moja tu, lazima kiwe kitu ninachoweza kukionyesha kwa kidole. Sio "nashukuru kwa wauguzi", hapana, ni yule nesi wa usiku aliyewasha taa ndogo ya pembeni akaacha ile kubwa ili wagonjwa wasishtuke. Ni mama kulala mpaka alfajiri bila kukohoa. Ni yule mtu aliyenirudishia hela yangu ambayo nilishaisamehe kimoyomoyo, akaniomba na radhi juu. Na malalamiko nayaandika hapohapo chini yake, siyafichi, wiki nyingine ndo yanakuwa marefu kuliko shukrani, na kuna wiki nzima ilipita sikuona kitu nikaacha ukurasa mtupu. Kama na wewe uko kwenye wiki ya hivyo usijilazimishe, na mtu akikulazimisha mpe hiyo habari ya Ayubu sura ya 3.

Wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi wangu ni mtu ambaye haongei kabisa. Alikuja nyumbani kipindi kile tunashinda hospitali, mimi nimeingia kuoga mara moja nirudi wodini, natoka namkuta kainama kwenye karai anaosha vyombo, vya siku kadhaa vile, masufuria yameganda mpaka yananuka. Hakuniuliza mama anaendeleaje, hakuniambia pole, aliniuliza tu steelwire mnaweka wapi. Yeye ndo namba moja kwenye orodha yangu ya kwanza kabisa. Juzi nikaamua kumwandikia, meseji ndefu ya kumshukuru, nimeipanga vizuri, nimemwambia siku ile alinishika mkono bila yeye kujua. Akakaa kimya muda mrefu, baadaye ndo akajibu, "sabuni yenu ilikuwa imeisha, ile nilinunua mimi, unanidai au nakudai?"